Kamera za waifai nje ya nyumba: pima mawimbi kabla hujatoboa ukuta

Boksi la kamera limeandikwa mita 100. Geti liko mita 18 kutoka sebuleni, na bado picha inaganda kila ukitaka kumwona anayegonga. Hapa Moshi malalamiko haya nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi lawama anabebeshwa muuzaji. Muuzaji hajadanganya sana. Hizo mita 100 zinapatikana kwenye uwanja mtupu, ruta na kamera zikitazamana bila kitu katikati. Kiwanja cha Pasua au Soweto si uwanja mtupu: kuna ukuta wa tofali za saruji, gari, tanki la maji, geti la chuma, na ukipanda kuelekea Kibosho au Uru kuna migomba. Kila kimoja kinakula mawimbi kwa kiasi chake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ruta ndani ya nyumba anayetaka kufunga kamera mbili hadi nne nje, kwa waifai. Andaa simu ya Android, ngazi, ekstensheni ndefu, karatasi na kalamu. Drili iache kabatini kwanza.

Hatua ya 1: Chora kiwanja

Chora nyumba kama unavyoiona ukiwa juu ya paa: vyumba, kuta, fensi, geti, banda la kuku, tanki, miti mikubwa. Weka alama pale ruta ilipo sasa. Kisha weka alama pale unapohitaji jicho, na hapa uwe mkali na nafsi yako. Nyumba nyingi zinatosheka na sehemu tatu: getini, mlango wa nyuma wa jikoni, na ule upande wa fensi unaopakana na njia ya watu au kiwanja kisichojengwa. Kamera ya nne mara nyingi ni ya kuangalia gari, na gari tayari linaonekana kwenye ile ya getini.

Sasa piga mstari ulionyooka kutoka kwenye ruta hadi kila kamera, na uandike kila kitu ambacho mstari umekikata. Sebule, ukuta, chumba cha watoto, ukuta, simtanki, kamera. Hiyo ndiyo njia halisi ya mawimbi, na orodha hiyo ina maana kuliko idadi ya mita.

Angalia pia pembe. Ukuta wa sentimita 15 ukikatwa na mstari uliokuja wima juu yake, mawimbi yanapita sentimita 15 za tofali. Mstari ukiuparaza huo huo ukuta kwa nyuzi 15 tu, yanalazimika kupita karibu sentimita 58. Ndiyo maana kamera iliyofungwa kwenye kona, kwenye ukuta ule ule wa chumba chenye ruta, wakati mwingine inashindwa na kamera iliyo mbali zaidi lakini inayotazamana na dirisha.

Hatua ya 2: Jua kila kizuizi kinakula kiasi gani

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ni rahisi ukiizoea. Ukipoteza 3, nguvu imebaki nusu. Ukipoteza 10, imebaki moja ya kumi. Kwa waifai ya kawaida ya gigahezi 2.4, makadirio ya fundi ni haya: mlango wa mbao au ukuta wa jipsamu hula kama 3 au 4; kioo cha kawaida 2 au 3; ukuta wa tofali uliopigwa plasta 6 hadi 10; zege lenye nondo, yaani slabu ya ghorofa au nguzo nene, 12 hadi 20. Bati na chuma usivipigie hesabu kabisa, chukulia hapapiti kitu. Mawimbi yatakayofika upande wa pili ni yale yaliyozunguka pembeni au kudunda ukutani.

Linganisha na umbali: kwenye eneo la wazi, kuongeza umbali mara mbili kunakugharimu desibeli 6. Kutoka mita 10 hadi mita 20 ni hasara ya ukuta mmoja tu. Kwa hiyo ukifanikiwa kuondoa ukuta mmoja kwenye njia, umepata sawa na kuisogeza kamera nusu ya umbali. Wengi hupoteza pesa wakinunua ruta yenye antena nyingi, wakati kuihamisha ile waliyo nayo chumba kimoja kungemaliza kazi.

Vizuizi vingine watu huwa hawavihesabu. Vioo vya kuakisi, vile vya bluu au kahawia ambavyo mtu wa nje hakuoni ndani, vingi vina utando wa madini na vinarudisha mawimbi ndani. Karatasi ya fedha inayotandazwa chini ya bati kuzuia joto ni bati jingine. Simtanki lililojaa ni ukuta wa maji, na maji hula mawimbi vibaya. Likiwa tupu mawimbi yanapita kirahisi, kwa hiyo kamera iliyo nyuma yake inaweza kufanya kazi siku ambayo maji yamekatika na kugoma yakirudi. Gari ni chuma pia. Kama kamera iko chini na gari linaegeshwa kwenye njia ya mawimbi saa moja jioni, usishangae kamera kupotea saa moja jioni.

Geti nalo. Mchana unapima geti likiwa wazi, mambo safi. Usiku linafungwa, na kamera iliyoko upande wa nje wa nguzo sasa iko nyuma ya shiti la chuma la upana wa mita nne. Kamera ya getini ifungwe juu ya usawa wa geti, au upande wa ndani ikitazama nje kwa juu.

Hatua ya 3: Kama uko kihambani, soma hapa taratibu

Nyumba za kihambani, yaani zilizo ndani ya shamba la familia la migomba na kahawa, zina shida yake, na ukitumia ushauri wa mjini utapoteza pesa. Kati ya nyumba na barabara kuna migomba, kahawa chini yake, na migrevilia juu. Shina la mgomba kwa sehemu kubwa ni maji, zaidi ya tisa ya kumi. Mashina manne yaliyojipanga kwenye njia ya mawimbi ni kama matanki manne membamba. Majani nayo yakiwa makavu yanavumilika kidogo, lakini masika yakianza mwezi wa tatu yanashika maji na yanabaki yameloa hadi mwezi wa tano. Kamera iliyofungwa Januari ikikupa picha nzuri inaweza kuanza kukatika Aprili bila mtu kuigusa.

Kingine ni kwamba mgomba unakua. Chipukizi lililo usawa wa goti leo, mwakani limeshakupita kichwa na jani lake linapepea mbele ya kamera. Unapopima, angalia kilichopandwa na ukifikirie kikiwa kikubwa. Ua wa masale hauna shida kubwa, ni mfupi. Pitisha mawimbi juu yake.

Kuna njia mbili tu ninazoziamini kihambani. Ya kwanza ni kupanda juu: chombo cha kurushia kifungwe kwenye nguzo juu ya majani ya migomba, na kingine huko getini vivyo hivyo, vikionana macho kwa macho. Ya pili ni kuchimba mtaro na kulaza waya wa mtandao ndani ya bomba la plastiki, ukikwepa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Waya wa mtandao unafika mita 100 bila kifaa cha katikati, na haujali mvua. Kukata migomba ili kamera ishike mtandao ni ushauri nilioupata kwa mafundi wenzangu, na sijawahi kumfikishia bibi yeyote wa Kibosho.

Hatua ya 4: Chagua masafa na chaneli

Ruta nyingi za sasa zina waifai mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 ina kasi, lakini inachoka mapema ikikutana na kuta. Ya 2.4 ni ya polepole ila inapenya, na kamera nyingi za bei ya kawaida zinajua hiyo tu. Ruta nyingi huja zikiwa zimeunganisha zote mbili kwa jina moja. Ingia kwenye mipangilio uzitenganishe, uzipe majina mawili tofauti. Hapo utakwepa ule usumbufu wa kamera kukataa kuunganishwa kwa sababu simu yako iko kwenye 5 na kamera inatafuta 2.4.

Kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Majengo au Bondeni, ambako nyumba zimebanana, programu ya kupima waifai inaweza kukuonyesha ruta za majirani zaidi ya kumi kwenye skrini moja. Chagua kati ya hizo tatu ile yenye majirani wachache au walio mbali. Usijifanye mjanja ukaweka 3 au 8 kwa kuwa umeona hakuna mtu. Ukikaa katikati unasikia kelele za pande zote mbili. Upana wa chaneli uweke megahezi 20, si 40. Kamera haihitaji upana mkubwa, inahitaji utulivu.

Hatua ya 5: Hamisha ruta kwanza

Ruta nyingi ziko nyuma ya televisheni, kwenye kona, karibu na sakafu, kwa sababu hapo ndipo soketi ilipo. Ni mahali pabaya. Iinue hadi mita moja na nusu au mbili kutoka chini, ielekee upande wa kiwanja wenye kamera nyingi, itoke nyuma ya televisheni, friji na maikrowevu. Antena zake zisimame wima. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, nchani hayatoki sana, kwa hiyo antena iliyolazwa ikielekezwa kwenye kamera kama mtutu wa bunduki inaipa kamera sehemu yake dhaifu. Nyumba ya ghorofa unaweza kuilaza moja ili ihudumie juu.

Wengine huificha ruta juu ya dari ili isionekane. Chini ya bati mchana ni tanuri, na ruta ikipata joto kali inazima au inapunguza kasi. Iache chini ionekane.

Kama unatumia ruta ya laini ya simu kuna mvutano mwingine: yenyewe inataka kukaa dirishani upande wenye mnara, na kamera zinataka iwe katikati ya nyumba. Usiipeleke katikati ikakosa mnara. Iache dirishani, vuta waya wa mtandao kutoka kwake hadi kwenye kisambazaji kidogo cha waifai utakachoweka upande wa kamera.

Hatua ya 6: Pima, ukiwa juu ya ngazi

Weka kwenye simu programu yoyote ya kupima waifai inayoonyesha namba zenye alama ya kutoa, mfano -62 dBm. Ile mistari ya juu ya skrini haitoshi, kila simu ina ukarimu wake. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kwa kamera, zitafsiri hivi: -60 au bora zaidi, funga bila wasiwasi. Kati ya -60 na -67, inafaa. Karibu na -70, itafanya kazi siku nzuri na kukuaibisha siku ya tukio. Kuanzia -75 kwenda chini, usifunge, tafuta njia nyingine.

Pima pale pale kamera itakapokaa, kwa urefu ule ule. Kupima ukiwa umesimama chini halafu kamera ifungwe mita tatu juu ni kupima kitu kingine. Panda ngazi, shika simu kwa vidole viwili bila kuifunika, usubiri namba itulie, kisha geuka pande zote nne. Mwili wako nao umejaa maji. Ukiwa kati ya ruta na simu utaona namba inashuka. Chukua ile mbaya kuliko zote, kisha ongeza akiba: kamera nyingi zina antena ndogo kuliko ya simu, kwa hiyo simu ikisoma -65, fanya kana kwamba ni -70.

Rudia kipimo usiku, kati ya saa mbili na saa nne, majirani wakiwa nyumbani na kila mtu yuko kwenye video. Geti lifungwe, gari liwe mahali pake. Ukibahatika ikanyesha, pima tena mvua ikikatika.

Halafu fanya jaribio ambalo mafundi wenye haraka hulikwepa. Washa kamera yenyewe kwa ekstensheni, ifunge kwa kamba au gundi ya karatasi pale itakapokaa, iache mchana na usiku mzima, kama hakuna dalili ya mvua. Itazame kwa simu ukiwa umezima waifai na unatumia bando la simu, kwa sababu ndivyo utakavyoitazama ukiwa kazini au Dar. Ikivuka usiku bila kupotea, toboa.

Hatua ya 7: Hesabu mzigo

Kamera moja yenye picha ya 1080 hutuma karibu megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Kwa megabiti 2, bila kusimama, ni megabaiti 900 kwa saa, gigabaiti 21.6 kwa siku. Kama unarekodi muda wote kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa bando la laini, kamera tatu zitakufilisi. Weka memori kadi ndani ya kamera irekodi humo humo, na intaneti itumike pale tu unapotaka kutazama au kupokea taarifa. Kadi ya gigabaiti 64 inabeba chini kidogo ya siku tatu za kurekodi mfululizo kwa kiwango hicho. Ikijaa inafuta za zamani.

Kamera yenye mawimbi dhaifu hailali peke yake. Inatuma polepole, inarudia pakiti zilizopotea, na muda wote inashikilia hewa ambayo kamera nyingine zinaihitaji. Kamera moja ya uani iliyo kwenye -78 inaweza kuzifanya zote nne zigande. Ukiona nyumba nzima inasumbua ghafla, zima moja moja utafute mchawi. Ukimpata na huwezi kumsogeza, punguza ubora wa picha zake, ziwe picha 15 kwa sekunde, na uchague mfumo wa H.265, unaobana video iwe nyepesi, kama kamera inao.

Hatua ya 8: Unapofunga

Urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu unatosha: mwizi haifikii kwa mkono na bado unaona sura. Kamera isigusane na chuma. Kama lazima ikae kwenye nguzo ya chuma au chini ya ukingo wa bati, tumia mkono wa kuisogeza nje sentimita 20 au 30, na antena zake zisimame wima kama za ruta. Waya unaoingia ukutani uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, ili maji yadondokee pale na yasifuate waya hadi ndani. Adapta iwe kwenye boksi lisiloingia maji.

Hapa kuna jambo linalopoteza watu wengi. Mzee mmoja wa Uru aliniita akiwa amekasirika: "Kijana, kamera yako mchana iko macho, usiku inalala. Si bora ningefuga mbwa?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, tuangalie waya kwanza." Waifai ilikuwa nzuri tu. Kamera hiyo ilikuwa inapata umeme wa volti 12 kwa waya mwembamba wa mita 30, na usiku ikiwasha taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya mchana. Waya wa milimita mraba 0.5 kwa mita 30, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 2. Kamera ikivuta ampia 1, volti 2 zinaishia njiani na inafikiwa na 10 badala ya 12. Inazima, inawaka, inazima. Kwa kamera ya volti 5 hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo kamera inayopotea usiku peke yake, anza na umeme: sogeza adapta karibu na kamera, au tumia waya mnene. Wa milimita mraba 1.5 unapunguza hasara hiyo hadi theluthi.

Hatua ya 9: Namba zikigoma

Fuata mpangilio huu, kwa sababu umeanza na cha bei ndogo. Hamisha ruta. Ikishindikana, vuta waya wa mtandao hadi upande wenye shida na uweke kisambazaji cha waifai hapo, ndani ya dirisha au nje kama kimetengenezwa kwa nje. Unaponunua waya, uliza wa shaba tupu. Kuna wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ni rahisi lakini unapoteza umeme mwingi kama unataka kuipa kamera umeme kupitia waya huo huo.

Repita, kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena, inakuja baada ya hapo, na wengi wanaiweka pabaya. Wanaichomeka karibu na kamera, mahali ambapo mawimbi yameshakufa, kisha wanashangaa kamera inaonyesha mistari yote na picha haitembei. Mistari hiyo ni ya repita, si ya intaneti. Repita ikae mahali inapopata ruta kwa -60 au bora, na kamera iipate vizuri kutoka hapo. Ile ya redio moja inapokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi inapungua kama nusu.

Kwa banda la ng'ombe lililo mita 80 au 100, au nyumba ya pili ya familia ng'ambo ya shamba, nunua jozi ya antena za kurushiana za gigahezi 5. Ukitumia za 2.4, kwa mita 100 mawimbi yanahitaji uwazi unaofika mita 1.8 kuzunguka mstari, pale katikati ya njia. Kwa 5 uwazi huo unapungua hadi kama mita 1.2. Kuonana kwa jicho kupitia katikati ya majani hakutoshi. Antena nzuri pia ina faida ambayo ruta yenye nguvu kubwa haina: inasaidia kwenda na kurudi. Ukiongeza nguvu ya ruta peke yake, kamera inaisikia ruta vizuri lakini sauti yake yenyewe bado haifiki.

Kamera ya laini ya simu na paneli ya sola inafaa kwa kiwanja kisicho na umeme. Ujue tu kwamba kuanzia Juni hadi Agosti mawingu ya mlimani yanaweza kukaa juu yetu hadi mchana. Chukua paneli kubwa kidogo kuliko unayoambiwa, iinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini ili ipate jua la miezi hiyo na mvua isafishe vumbi. Kamera ya betri yenye mtandao dhaifu inamaliza chaji haraka, kwa hiyo kipimo cha hatua ya 6 kinaihusu hata hiyo. Pima mtandao wa simu badala ya waifai.

Hatua ya 10: Umeme, nenosiri na jirani

Umeme ukikatika, kamera ya betri bila ruta haiwezi kukutumia taarifa. Ruta nyingi zinatumia volti 12, na kuna betri ndogo za akiba za kuchomeka kati ya adapta na ruta zinazoibeba saa kadhaa. Soma lebo ya adapta kabla hujanunua. Kisambazaji cha nje nacho kinahitaji yake.

Badilisha nenosiri lililokuja na kamera siku hiyo hiyo. Waifai pia inaweza kuvurugwa na mtu mwenye kifaa cha bei ndogo, kwa hiyo nikipewa nafasi ya kuvuta waya kwa kamera moja tu, naivutia ya getini.

Picha za watu ni taarifa zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na kamera inayomchungulia jirani uani kwake inaweza kukufikisha pabaya, hata kabla ya kufika kwa mwenyekiti wa mtaa. Ielekeze kwenye geti lako na njia inayoingia kwako. Programu nyingi za kamera zina sehemu ya kufunika kwa rangi nyeusi eneo usilotaka lionekane.

Mwisho ni Desemba. Watu wakipanda kutoka Dar na Arusha kuja kula sikukuu nyumbani, simu ishirini zinaingia kwenye waifai yako na watoto wanashusha katuni. Kabla hawajafika, fungua kwenye ruta waifai ya wageni yenye jina lake, ipunguzie kasi, na nenosiri la ile ya kamera usimpe mtu, hata shangazi.